Je, Kijana Asiyeoa Anunue Motokaa ya Mbio?



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka neno ambalo halikuwamo katika orodha ya mashauri ya siku ile, nalo likachukua wakati mwingi kuliko mashauri yote. Kijana mmoja katika makarani wenzetu wa hapa Makutupora, mwenye kazi ya kudumu, asiye na mke wala mtoto, alileta barua ya kuomba wadhamini wawili ili apate mkopo wa kununua motokaa ya mbio: ile fupi, yenye milango miwili, ambayo ngurumo yake husikika kabla yenyewe haijaonekana. Wazee walicheka, vijana wakapiga makofi, na mwenyekiti akaahirisha shauri. Jina lake hatulitaji, maana haja hii si yake peke yake. Wako wengi wanaoitamani motokaa ya namna hiyo wala hawajaandika barua. Kwa hiyo tumeona yafaa kulileta jambo hili katika karatasi yetu, ili kila mtu alipime kwa utulivu kabla ya kutia sahihi yake.

Kwanza twataka kumtendea haki kijana huyu. Wako watu wasemao kwamba asiyeoa hana ruhusa ya kujifurahisha, eti fedha yake yote ni ng'ombe wa mahari, na akinunua kitu kingine amepotoka. Sisi hatukubali neno hilo. Mtu aliyekaa darasani miaka mingi, akavumilia ugali wa shule na safari za kusimama ndani ya basi, hana kosa akitamani kitu kizuri kwa jasho lake mwenyewe. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Tena yeye asema kwamba akisha kuwa na watoto wanne, motokaa ya viti viwili haitamfaa kitu. Basi kama ni kununua, wakati wake ni sasa. Na mwisho asema kwamba mtu asiyeoa, akikosea, huumia peke yake. Hoja hizi zina nguvu, nasi hatuzidharau.

Wala hatusemi kwamba kupenda motokaa za mbio ni ugeni katika nchi zetu. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, na vijana wa siku zile waliyafuata kwa shauku. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Subaru Impreza ya Colin McRae ilishinda mwaka 1997. Kijana wa leo anayegeuza shingo barabarani apitapo Subaru amerithi mapenzi ya baba zake. Lakini na akumbuke jambo moja: motokaa zile zilifuatwa nyuma na mafundi, magurudumu na vipuri, na gharama hazikutoka mfukoni mwa dereva peke yake. Motokaa ya karani hufuatwa na karani mwenyewe.

Sasa na tushike kalamu, maana sisi ni makarani, na hesabu ndiyo kazi yetu. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mkopo wa elimu ya juu huchukua asilimia 15, yaani 150,000. Mfuko wa pensheni huchukua asilimia 5, yaani 50,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 30,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni 115,500. Yabaki 654,500. Kanuni yataka mtumishi wa serikali abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, yaani kama 333,000. Basi mkopo wa motokaa waweza kula hata 321,000 na zaidi kidogo kila mwezi, na hapo ndipo kijana wetu atafika, kwa kuwa motokaa anayoitaka si ya bei ndogo. Kabla haijatoka bandarini imekwisha kutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18; injini ikizidi sentimita za ujazo 2,000, ushuru wa bidhaa asilimia 10; na ikiwa imepita miaka kumi tangu kutengenezwa, huongezewa ushuru mwingine kwa sababu ya uzee wake.

Tuendelee. Kutoka Makutupora hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50, na kwa siku 22 za kazi ni 1,100. Motokaa yenye injini kubwa ikitumia lita moja kwa kilomita 10, hizo ni lita 110. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Jumla ni 330,000. Msomaji, tazama tena ile theluthi iliyobaki: 333,000. Baada ya petroli zimebaki shilingi 3,000, na kijana hajala, hajalipa pango, hajanunua sabuni, wala hajatuma kitu nyumbani. Tena tangu Julai 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari iliondolewa na kutiwa katika bei ya mafuta, kwa hiyo anayechoma petroli nyingi hulipa nyingi. Hatujaitaja bima, wala magurudumu, wala fundi.

Na fahari yenyewe ataipatia wapi? Katika makazi ya watu sheria haimruhusu kuzidi kilomita 50 kwa saa, na kila kosa la barabarani ni faini ya shilingi 30,000. Ng'ombe wa Ugogo hawajui motokaa ya mbio na motokaa ya mizigo; wakivuka wamevuka. Matuta hayana huruma kwa kitu chenye tumbo karibu na ardhi, na vumbi la kiangazi huingia hata penye kioo kilichofungwa. Akitaka mwendo wa kasi, tangu mwaka 2024 liko treni la umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam, liwezalo kwenda hata kilomita 160 kwa saa, naye amekaa kitini akisoma gazeti.

Lakini neno tulilokusudia hasa ni lile la kwamba asiyeoa huumia peke yake. Hilo si kweli, nasi twalijua kwa kulipitia. Mmoja katika sisi tuandikao haya alinunua motokaa ya namna hiyo kwa mkopo, alipokuwa na miaka michache kazini. Mwaka wa pili baba yake aliugua kijijini, na habari ikaletwa usiku. Motokaa ilikuwa uani, imewekwa juu ya mawe, ikingoja kipuri ambacho fedha yake haikuwapo. Jirani mwenye duka ndiye aliyelipa motokaa ya kukodi. Mzee alifika hospitali, akapona, twamshukuru Mungu. Siku alipotoka alimwuliza mwanawe kwa upole, bila ya hasira: “Mwanangu, si nilisikia unayo motokaa?” Mwenzetu hakuwa na jibu, na hata leo hana. Mkopo ule aliulipa miaka mingine mitatu, na mmoja wa wadhamini wake alikatwa mshahara miezi miwili kwa deni ambalo hakulipanda hata mara moja.

Basi asiyeoa anao watu. Anao mama, anao wadogo wake wanaosoma, anao wale wawili waliotia sahihi. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matangani hualikwa hata wasiokwenda harusini. Zamani, mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, walijua kwamba karani mmoja hana nguvu, bali wengi waliosimama pamoja wanazo. Sahihi ya mwanachama ni sehemu ya nguvu hiyo. Haifai kuitumia kwa kitu kinachopungua thamani tangu siku kinaponunuliwa.

Hapa petu tuna mfano karibu na mlango. Katika kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora, mche ukipandwa, mwanzoni hauna kitu cha kumwonyesha mgeni. Ni kijiti tu kando ya mti wa kuegemea. Ukitunzwa, Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Motokaa ni kinyume chake: siku ya kwanza ndiyo siku yake nzuri kuliko zote. Hatusemi kila karani awe mkulima. Twasema kila mtu ajue ni kipi katika vitu vyake kinachokua, na ni kipi kinachoisha.

Shauri letu kwa kijana ni hili. Na ajijaribu mwaka mmoja. Kila mwezi aweke akiba zile 321,000, kana kwamba mkopo amekwisha kuuchukua. Asipoweza, ameponea, maana asiyeweza kuweka fedha hizo kwa hiari, atazitoaje kwa kulazimishwa? Akiweza, mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 3,852,000 zake mwenyewe, asizodaiwa na mtu. Aendelee hivyo hata apate bei kamili pamoja na akiba ya vipuri, kisha anunue apendacho, cha milango miwili au minne, nasi tutakuwa wa kwanza kumwomba atupeleke mjini. Maneno haya ni ya dada zetu makarani vile vile, maana tamaa na hesabu hazibagui.

Na kwa wazee wetu twasema: msimcheke. Kijana aliyeleta barua yake mbele ya mkutano ni bora kuliko yule akopaye gizani kwa watu wa riba. Amekuja kuuliza, basi na ajibiwe kwa heshima.

Shauri litarudi katika mkutano ujao. Sisi, tukiulizwa, tutatia sahihi kwa ajili ya kiwanja, masomo, au ugonjwa. Kwa motokaa ya mbio ya mkopo, mwaka huu, hatutatia.