Si kila gunzi tupu ni mbegu feki

Mvua zinapokatika mapema mkoani Dodoma, wauza pembejeo hutupiwa lawama. Mkulima akivuna magunzi yenye punje za kuhesabu, anadai ameuziwa mbegu feki. Feki zipo, na wanaoziuza wanastahili kushitakiwa. Lakini mara nyingi gunzi hilo linaeleza jambo jingine.

Hindi halingoji kunyauka ndipo lijue kuna ukame. Udongo unapokauka, seli za mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi absisiki. Jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikilindwa na seli mbili mfano wa midomo. Homoni ikizifikia, seli hizo hupoteza maji, zinalegea na kitundu kinafunga. Maji yanabaki ndani, ila hewa ya kaboni nayo haiingii, na bila hiyo jani halitengenezi sukari. Mmea umejiokoa kwa kuzima jiko lake.

Mtama huweza kusimamisha ukuaji na kuendelea mvua zikirudi. Hindi changa nalo huvumilia kiasi. Kasheshe ni wakati wa kuchanua. Mbelewele hutoka karibu na siku zake, lakini ndevu za hindi, ambazo hutaka maji na sukari ili zirefuke, huchelewa. Zinapochomoza, chavua imekwisha. Kila punje ina unywele wake mmoja. Usiochavushwa huacha pengo kwenye gunzi. Ndiyo maana watafiti wa CIMMYT, katika kuzalisha mahindi yanayostahimili ukame, wamechagua yale ambayo mbelewele na ndevu hupishana siku chache tu.

Kwa hiyo muuzaji anayempa mkulima wa Dodoma, mwenye msimu mmoja wa mvua kati ya Desemba na Aprili, mbegu ya muda mrefu inayofaa Nyanda za Juu Kusini, anamtia hasara hata kama mfuko ni halali. Siku za kukomaa zisomwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Naye mkulima anayeona majani yamejikunja asikimbilie urea; mizizi haiichukui kwenye udongo mkavu, na sehemu yake hupotelea hewani. Bora matuta ya kukinga maji, tena yachimbwe mapema.

Wanunuzi wa nafaka nao wasijitoe. Wakiendelea kuja vijijini kuulizia mahindi peke yake, mkulima ataendelea kuyapanda hata pale ambapo mtama ungemlipa.