Nyaraka za Lincoln Hazijisomi Zenyewe

Hoja iliyochapishwa kwamba mwanahistoria hana kazi tena, kwa kuwa nyaraka za Abraham Lincoln zimo kwenye intaneti, haina mashiko. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni nyaraka zipatazo 20,000 za rais huyo, na hilo ni jambo jema kabisa. Mwanawe, Robert, aliagiza zifungwe hadi miaka 21 ipite tangu yeye Robert afariki, hivyo zilifunguliwa mwaka 1947 tu. Leo mwanafunzi mwenye simu anazisoma.

Lakini anazisomaje? Tarehe 22 Agosti 1862 Lincoln alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba lengo lake kuu ni kuuokoa Muungano wa majimbo ya Marekani, si kuulinda wala kuufuta utumwa. Atakayeishia hapo atamhukumu kuwa hakuwajali watumwa. Kumbe mkusanyiko huohuo una rasimu ya tangazo la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, ambayo aliwasomea mawaziri wake tarehe 22 Julai, mwezi mzima kabla. Barua ile iliandikwa na mtu aliyekwisha kuamua.

Isitoshe, sehemu kubwa ya mkusanyiko ni barua alizopokea, si alizoandika. Na watumwa wenyewe, ambao sheria za majimbo mengi ya Kusini zilikataza wafundishwe kusoma, waliacha maandishi machache mno. Pengo hilo halizibwi na picha za karatasi, hata ziwe angavu vipi. Walimu wanaowaelekeza wanafunzi huko wawafundishe kwanza kulinganisha tarehe, na kuuliza ni nani hakupewa nafasi ya kuandika.