Kituo Kimoja, Mafungu Mawili

Aliyepata kula mesi anaijua hesabu hii: jiko moja la kombania huwapikia watu mia kwa kuni chache kuliko zile ambazo zingeteketea kama kila askari angeinjika sufuria yake. Serikalini nako majiko ni mengi. Idara hii ina karakana yake, ile ina ghala lake, na mlipaji wa yote ni mwananchi yule yule.

Wenzetu wa Malawi walipiga hatua mwaka 2017, walipoandikisha watu wazima zaidi ya milioni 9 kwa kitambulisho cha taifa. Mwaka 2018 Tume ya Uchaguzi ikakitumia kuandikisha wapiga kura. Mwaka 2020 mpango wa mbolea ya ruzuku nao ukamtambua mkulima kwa kadi hiyo hiyo.

Lakini lililonivutia zaidi liko Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe. Palikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi, na Kiswahili kimeenea humo, kwani wengi wametoka Kongo na Burundi. Kituo cha afya cha hapo huwatibu wakimbizi na wanavijiji wa jirani pamoja. Hiyo ni busara. Vituo viwili vinavyotazamana vingetaka majokofu mawili ya chanjo, maghala mawili ya dawa na walinzi maradufu.

Ila makazi hayo yalikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, nao sasa wamepita 50,000. Penye msongamano wa namna hiyo huduma ya pamoja huwa na hatari yake: mwenye fungu la wenyeji aweza kudhani dawa zitanunuliwa na mwenye fungu la wageni, na huyu naye akadhani vivyo hivyo. Mama aliye na mtoto mwenye homa mgongoni hulipia dhana hizo mbili.

Nalisema hili kwa kuwa limepata kutukuta. Idara mbili tulikubaliana kutumia gari moja, na kila moja ikafuta petroli katika makadirio yake. Gari likakaa miezi mitatu chini ya mwembe, kuku wakilitagia. Mwaka uliofuata tuliandika mstari kwa mstari: nani petroli, nani matairi, nani posho ya dereva. Sasa linatembea, ingawa kila Ijumaa bado tunaligombea.