Mshairi si Mpiga Debe

Katika vituo vya daladala vya Mbagala na Mwenge hapakosekani mpiga debe. Hulisifu gari lisilo lake, huwaita abiria wa safari asiyokwenda, na gari likijaa hupokea ujira wake akageukia jingine. Kazi hiyo ni ya halali. Balaa huanza pale mtunzi anapoichukua na kuiita ushairi.

Watunzi wa namna hiyo wamezagaa Kinondoni na Temeke. Arusini humsifu bwana wasiyemjua. Kampeni zikifika, humsifu mgombea huyu asubuhi na mpinzani wake jioni. Kwa kuwa vina vimetimia na mizani haikupelea, huitwa malenga. Kijana wa Tandale aimbaye singeli juu ya kodi ya chumba na ndugu aliyekosa kibarua huambiwa ni mhuni, hajui bahari wala kituo.

Waamuzi hao hushika *Sheria za Kutunga Mashairi* za Kaluta Amri Abedi, kitabu cha mwaka 1954, kana kwamba sheria ndizo zizaazo shairi. La hasha! Arudhi ni chombo, na chombo husifiwa kwa shehena. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya hadi 1972 kwa waraka wake wa “Kenya: Twendapi?”, alitunga gerezani kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni, na vina havikumponyoka. Hata hivyo *Sauti ya Dhiki* (1973) haikudumu kwa vina pekee. Imedumu kwa sababu mtunzi alikwisha kulipa gharama ya kila neno. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, akaviacha vina na mizani. Magomvi yakazuka, na diwani ikasimama. Wawili hao waliachana katika umbo, wakakutana katika ukweli.

Yupo atakayeuliza: je, Mathias Mnyampala hakulitukuza Azimio la Arusha kwa ngonjera? Alilitukuza. Muyaka bin Haji naye alikuwa upande wa Wamazrui wa Mombasa. Kusifu si dhambi. Aaminiye anachokisifu, akasimama nacho hata kinapomtia hasarani, hajauza ulimi wake. Dhambi ni sifa inayohama pamoja na bahasha.

Wito wa mshairi, basi, ni ushahidi. Utamu wa sauti humsaidia shahidi asikilizwe, lakini haumfanyi mkweli. Wala kijana wa singeli asijidanganye: siku atakapoanza kutaja majina ya matajiri ili atunzwe, naye amehamia kituo cha daladala.

Wanaowavika watu taji la umalenga, kabla ya kuhesabu mizani, na wamwulize mtunzi swali moja: maneno haya angethubutu kuyasema mahali ambapo yangemponza? Akisita kujibu, apewe ujira wake kwa heshima. Taji libaki kabatini.