Kuanza na OpenWhisk: anza kwenye mashine yako

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nimerudi na swali ambalo vijana wawili watatu wameniuliza: huu mtindo wa kuendesha programu "bila seva" ni kitu gani, na mtu aanzie wapi?

Kwanza, jina lenyewe linadanganya. Seva ipo, ila huishughulikii wewe. Unaandika fanksheni fupi, inalala, na inaamka tu pale tukio linapotokea. Hapa Ganjoni mfano tunao: tuktuk. Humlipi dereva kwa kukaa kivulini siku nzima, unalipia safari yako basi.

Nina mteja mwenye duka hapa mtaani. Kila mwezi analipia seva ya saa 24 kwa dola, na duka lake hufungwa jioni. Usiku kucha mashine yamngojea nani? Tukio analolihitaji ni moja tu: mnunuzi kalipa kwa M-Pesa. Tangu Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, malipo yakipita, ujumbe hutumwa kwenye anwani uliyoisajili. Hilo ni tukio kamili.

Wengi hukimbilia AWS Lambda, iliyotangazwa mwaka 2014. Ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini maoni yangu ni kwamba anayejifunza aanze na Apache OpenWhisk, programu huria iliyotolewa na IBM mwaka 2016 na kuwa mradi kamili wa Apache mwaka 2019. Ina toleo dogo linaloendeshwa kwenye laptopu yako. Weka Java, Docker, Node.js na amri ya wsk. Haikuombi kadi ya benki, wala hakuna bili ya kukushtua mwisho wa mwezi.

Andika faili risiti.js:

function main(m) {
  return { ujumbe: "Tumepokea shilingi " + m.kiasi };
}

Kisha:

wsk action create risiti risiti.js
wsk action invoke risiti --result --param kiasi 500

Tayari una kitendo. Baadaye utaongeza kichochezi, yaani jina la tukio, na kanuni ya kuunganisha hivyo viwili. Ukifika kwenye malipo ya kweli, kumbuka ujumbe mmoja waweza kufika mara mbili. Kagua namba ya muamala kabla ya kutoa risiti.

Mbona nasisitiza programu huria? IBM ilikuwa ikiikodisha OpenWhisk hii hii kwa jina la Cloud Functions. Mwisho wa mwaka 2023 ilizuia fanksheni mpya, na Oktoba 2024 ikafunga huduma. Waliokuwa wamepanga pale walilazimika kuhama. Lakini aliyeandika fanksheni zake bila kuzifunga kwenye huduma nyingine za kampuni hiyo alikuwa na pa kwenda: angeweza kuisimamisha OpenWhisk yake mwenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ila nisiwadanganye. Ukiiweka OpenWhisk kamili kwenye seva yako, ile mashine ya kukesha imerudi, tena nzito zaidi, maana ndani yake mna Kafka, CouchDB na Nginx, na ikianguka usiku utakayeamshwa ni wewe. Kwa duka moja hailipi. Yule mteja wangu nimemwacha kwenye seva yake ndogo, na nimemweleza sababu. Faida huanza mkiwa wengi: maduka 10, kila moja na matukio yake machache, yakitumia mashine moja. Hiyo ndiyo hesabu ninayoipiga sasa na wenzangu.

Kwa hivyo usianze kwa kumuuzia mteja jina jipya. Anza kwenye laptopu yako, uelewe tukio ni nini, ndipo uamue kama unahitaji tuktuk au baiskeli yatosha.

Haya, jaribuni wikendi hii. Mkikwama, niandikieni.