Mama wa Kwanza Yuko Ukurasa Gani?

Nina ugomvi na kitabu.

Kinaitwa A Mother for Choco, cha Keiko Kasza. Kimo kwenye sanduku la vitabu vya msaada tulilopewa hapa Nyarugusu. Choco ni ndege mdogo, hana mama. Anazunguka kutafuta anayefanana naye: twiga anamkataa, pengwini anamkataa. Mwisho anakutana na mama dubu, anakumbatiwa, anapelekwa nyumbani. Kumbe huko kuna watoto wengine: kiboko, mamba na nguruwe. Wanakula, wanafurahi, basi. Huko Marekani ni kitabu kinachopendwa na familia zilizoasili watoto, hata waliotoka mbali.

Nilikuwa nawatafsiria watoto. Binti mmoja wa miaka saba hivi, anayelelewa na wazazi walezi, akauliza: “Sasa mama yake alienda wapi?” Nikafunua nyuma, nikafunua mbele. Jibu halimo.

Sikatai, kitabu kina neno zuri: mtoto na mlezi si lazima wafanane. Hilo tunalijua. Hapa kambini Mubembe analea mtoto wa Mufuliru na wanakula sufuria moja. Lakini vitabu vya namna hii vinamruhusu mtoto hisia moja tu, furaha, tena yenye shukrani. Akilia ukurasa wa tatu, wa mwisho lazima acheke. Hasira haimo. Kumkumbuka bibi hakumo. Shangazi, mama mdogo, baba mkubwa, wote wamefutwa ili dubu apate nafasi.

Mtasema hiyo ni hadithi ya wanyama tu. Haya, tuwaache wanyama. Tarehe 25 Septemba 2013 serikali ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na watu wa nje, ikihofia karatasi za uongo na usalama wa watoto huko waendako. Kongo na Uganda kumeshatokea watoto kuitwa yatima, kumbe wazazi wapo hai. Mtu aliyezoea hadithi ya mtoto asiye na alikotoka hawezi kuuliza mama yuko wapi. Anaona upweke, anafungua mikono.

Sisi wakimbizi tulipotezana njiani. Mama asiyeonekana hajawa marehemu. Jina la binti yule liko kwa watu wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta ndugu, na bado anasubiri. Ninyi wa mashirika, msimsomee hadithi inayomwambia aache kusubiri.

Sisemi tukichome. Kitabu kimo sandukuni mpaka leo. Ila siku hizi tukikimaliza nawapa watoto karatasi, wamchore mama wa kwanza wa Choco. Wengi wanamweka ng'ambo ya ziwa. Binti yule alimchora juu ya mti, ameshika simu, anatafuta netiweki.