Dubai ya nusu siku na vijana wa Mau Narok

Tangu Januari 2024, ndege za flydubai zilipoanza kuruka kati ya Mombasa na Dubai, mkaazi wa Pwani hana haja tena ya kupitia Nairobi ili afike Dubai. Ni safari ya saa tano hivi. Humo ndani utakuta mwenye duka anayekwenda Deira kununua vipuri na vitambaa, mama anayekwenda kumwona bintiye aliyeolewa huko, na vijana walioshika bahasha za kaki zenye mikataba ya kazi ambayo wengine hawajaisoma ikaisha. Siku hizi kuna pia Wakenya wanaokwenda kutembea tu. Hao ndio huuziwa ziara ya faragha ya nusu siku: gari lako peke yako, dereva wako, mwongozaji wako, saa nne au tano za kuona mji wote.

Nataka tuizungumze ziara hiyo kwa uzito, kwa kuwa naamini imeingia katika siasa zetu na katika nyumba zetu kuliko tunavyodhani. Mimi ni mzaliwa wa Mau Narok, kule juu Nakuru inakopakana na Narok, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, ambako asubuhi ya Julai barafu hulala juu ya majani ya viazi. Nimeishi Mombasa miaka mingi, lakini simu za nyumbani hazikomi. Miaka hii simu hizo haziulizi tena bei ya viazi Kongowea. Zinauliza kama namjua ajenti wa kuaminika wa Dubai au Doha.

Kwanza ziara yenyewe. Niliifanya mwaka uliopita, nikiwa na siku moja ya kupoteza kati ya ndege mbili. Dereva alinichukua hotelini saa mbili asubuhi. Tukapita msikiti wa Jumeirah, ambao uko wazi hata kwa wageni wasio Waislamu. Tukasimama ufukweni kupiga picha ya Burj Al Arab kwa mbali, maana kuingia ndani ni habari nyingine. Tukaingia Palm Jumeirah, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye umbo la mtende ambalo ukiwa juu yake hulioni hata kidogo. Tukageuka kuelekea Dubai Frame, fremu ya mita 150 iliyofunguliwa 2018: upande mmoja unaona mji wa zamani, upande wa pili mji mpya. Kisha Al Fahidi, kisha mashua ya abra kuvuka Khor, soko la viungo, soko la dhahabu, na mwisho chini ya Burj Khalifa, mita 828, shingo ikiuma kwa kutazama juu.

Sitasema ni ziara mbaya. Inapangwa kwa ustadi ambao sisi hatuna. Mwongozaji wa Dubai lazima awe na leseni ya idara ya utalii na apitie mafunzo, na wangu alizijua tarehe zake. Linganisha na mgeni wa meli ya kitalii anayeshuka Kilindini akazingirwa na watu kumi, kila mmoja akidai yeye ndiye mwongozaji halali wa Fort Jesus.

Lakini sikiliza namna historia inavyosimuliwa ndani ya gari lile. Palikuwa na kijiji cha wavuvi na wazamia lulu. Kisha wakaja viongozi wenye maono. Kisha minara. Kati ya kijiji na minara hakuna kitu, kana kwamba mji uliota usiku mmoja kama uyoga baada ya mvua.

Kilichomo katikati ndicho chenye faida kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Dubai ilikopa fedha, sehemu kubwa kutoka Kuwait, ikachimba na kukipanua kina cha Khor ili majahazi makubwa yaingie. Mafuta yalikuwa bado hayajapatikana, yaligunduliwa 1966. Bandari ya Rashid ikafuata 1972, Jebel Ali 1979, na eneo huru la biashara la Jebel Ali 1985. Yaani bandari na forodha vilitangulia majumba ya kifahari kwa miongo. Leo kampuni iliyotokana na bandari hizo, DP World, inaendesha bandari za watu wengine, na Oktoba 2023 ilitia saini mikataba ya miaka 30 ya kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Mwongozaji hakutaja hata moja kati ya hayo. Wala hakusema kwamba 2009 Dubai ilizama katika madeni hadi Abu Dhabi ikaiokoa kwa dola bilioni 10, na kwamba mnara uliojulikana kama Burj Dubai ulipozinduliwa Januari 2010 ulipewa jina la mtawala wa Abu Dhabi. Nilimuuliza. Akacheka, akaniambia hilo si swali la asubuhi.

Ndiyo maana husikitika kila kiongozi wetu anaporudi kutoka Ghuba akiahidi kuugeuza mji fulani wa Kenya kuwa Dubai ya Afrika. Kinachoonekana kichwani mwake ni mwisho wa ziara, ile minara. Mchanga uliochimbwa kwa mkopo haukuwa kwenye ratiba yake.

Msomaji wa Lamu au Mombasa ana sababu ya pekee ya kupenda Al Fahidi. Ukiingia katika nyumba moja ya zamani, inua macho utazame dari. Boriti zile ni za mikoko, na mikoko haimei jangwani kiasi hicho. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za mdomo wa Rufiji. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo sababu chumba cha Al Fahidi na chumba cha Lamu vinafanana kwa wembamba wao. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje 1982, na biashara ile ikafa. Mwongozaji wangu, kijana mpole kutoka bara Hindi, alieleza vizuri minara ya upepo iliyoletwa na wafanyabiashara wa Kiajemi. Juu ya dari akasema ni “miti ya Afrika”, tukasonga mbele. Nilipanda abra nikiwa bado nawaza hilo. Nauli ni dirham moja, kama shilingi 35 zetu. Feri ya Likoni haimtozi mwenda kwa miguu hata senti, lakini kwa abra hakuna aliyenikanyaga.

Sasa nirudi Mau Narok, maana mambo mazito yako huko.

Viazi karai unavyokula Mombasa jioni, vyenye ukwaju na pilipili, huenda vimetoka shambani kwetu au kwa jirani zetu wa Nyandarua. Mbegu ya Shangi hukomaa upesi lakini haikai ghalani, huchipua haraka, kwa hiyo mkulima huuza hata bei ikiwa ya kutupa. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Broka akifika shambani na lori lake, barabara ikiwa tope na mvua ikitisha, anayebishana na lumbesa ni nani? Kijana wa miaka 23 anayaona hayo misimu minne mfululizo. Halafu usiku, kwenye simu, anaitazama ziara ileile niliyoifanya mimi: jamaa wa kijiji cha pili amesimama mbele ya Burj Khalifa, miwani ya jua, mikono imetanuka.

Ile video ni ya siku ya mapumziko. Huenda aliyeipiga ni mlinzi wa zamu ya saa 12 aliyepanda metro kwa nusu siku moja ili nyumbani wajue yuko hai na hajambo. Simlaumu. Nani angepiga picha ya chumba cha vitanda vya ghorofa na kumtumia mama yake? Lakini kinachofika Mau Narok ni kipande kilekile ambacho kampuni za utalii huuza, na kipande hicho ndicho kinachouza ng'ombe. Najua familia iliyouza ng'ombe wawili wa maziwa na kukodisha shamba misimu mitatu ili kumlipa ajenti. Kijana alikwenda akiahidiwa udereva, akakuta kazi ya kusukuma vigari vya mizigo. Jina la ajenti sitalitaja hapa. Kesi bado haijaisha.

Jambo linalouma ni kwamba sheria ya huko haiungi mkono malipo hayo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na inamkataza kushikilia pasipoti yake. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao ya 2022. Vijana wangapi wa Njoro wameambiwa hivyo na ajenti wao? Fedha nyingi hutozwa hapa kwetu, kabla mtu hajapanda ndege, na hutozwa na Mkenya mwenzake. Mabroka wa viazi na mabroka wa watu wanatumia kanuni moja: wewe una haraka, mimi sina.

Kuna sheria nyingine ya Dubai ambayo niliiona kwa macho bila kuelezwa. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za nje chini ya jua haziruhusiwi kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Ni sheria nzuri. Ziara yangu ilikuwa Julai na ilimalizika saa saba kasoro. Tulipokuwa tukirudi hotelini nikaona watu wamelala kivulini kando ya jengo lisilokwisha, kofia za plastiki zimefunika nyuso. Gari likapita. Mabasi yanayowachukua watu hao jioni huelekea mitaa ya makambi ambayo haimo katika kijitabu chochote cha ziara.

Aliyewahi kuonyesha upande huo wa mji wa Ghuba kwa uwazi alikuwa Mkenya. Malcolm Bidali alikuwa mlinzi mjini Doha, akaandika kwa jina la kubuni juu ya maisha ya walinzi: malazi, saa za kazi, vitu vidogo vinavyomvunja mtu moyo. Mei 2021 alikamatwa, akawekwa katika kifungo cha upweke kwa karibu mwezi mzima, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Agosti akaondoka Qatar. Mwaka uliofuata Doha ilipokea wageni wa Kombe la Dunia, nao wakatembezwa. Katika maandishi yake hapakuwa na siri za nchi. Alieleza chumba chake tu.

Serikali yetu iko wapi? Iko mezani, tena upande wa wauzaji. Januari 2025 Kenya na Falme za Kiarabu zilitia saini mkataba mpana wa ushirikiano wa kiuchumi huko Abu Dhabi. Mpango wa Kazi Majuu unawahimiza vijana watoke. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilifikia karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na hakuna waziri wa fedha atakayezipa kisogo. Sipingi watu kwenda. Nusu ya paa za mabati mapya Mau Narok zimeezekwa na Ghuba, na ningekuwa mnafiki kuyabeza. Ninachohoji ni kwa nini afisi inayopaswa kukagua maajenti, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, inajulikana kijijini kwa jina tu, ilhali ajenti ana bango Njoro, nambari ya WhatsApp, na kanda za video.

Mkataba wa biashara unaweza kuzungumzia viazi, parachichi na nyama. Mbuzi wetu tayari wanaliwa huko. Kama Mau Narok ingekuwa na maghala baridi na kiwanda cha kukata vibanzi cha maana, baadhi ya vijana wangekwenda Dubai kama wauzaji badala ya kwenda kama bidhaa. Hilo ni la kaunti ya Nakuru kama lilivyo la Nairobi, na mwaka wa uchaguzi ndio huu unakuja, muulizeni kila atakayepanda jukwaani Njoro.

Na ukipata nafasi ya kwenda kutembea, nenda. Ziara ya faragha ina faida moja ambayo basi la watalii halina: njia unaichagua wewe. Mwambie dereva aruke kile kisiwa cha mtende, picha zake unazo tayari kwenye simu. Muda huo atumie kukupitisha Satwa au Karama, mkale mahali anapokula yeye. Muulize kwa Kiswahili kwanza, huenda akakuitikia. Wangu wa kunirudisha uwanja wa ndege jioni ile alikuwa wa Molo, umbali wa milima michache kutoka kwetu. Tulizungumza dakika arobaini. Alitaka kujua kama barabara ya kutoka Njoro imetiwa lami yote, na gunia la Shangi sasa linauzwa ngapi.